Kadi ya wati 75 au pawasaplai mpya: ipi ikufae?

Kompyuta nyingi zinazowekwa kwenye meza yangu hapa Wandegeya zina historia moja. Zilikaa ofisini Ulaya miaka kadhaa, zikapakiwa kwenye kontena, zikafika Kampala, zikanunuliwa na mwanafunzi au mhariri wa video za harusi na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi). Prosesa bado ina nguvu. RAM imeshaongezwa, diski ya zamani imetolewa na SSD imewekwa. Kinachobaki ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye skrini, na hapo ndipo mtu huingia na kadi mkononi, ameshailipia, akauliza: "Fundi, pawasaplai hii itaibeba?"

Pawasaplai ni lile boksi la ndani linaloilisha kompyuta umeme wa ukutani. Swali zuri, ila limechelewa. Juzi alikuja kijana anayesomea usanifu majengo. Mashine yake ni Dell OptiPlex 9020 ya kasha la kusimama. Mkono mmoja kadi ya RTX 3060, mkono wa pili mfuko wa nailoni wenye pawasaplai mpya iliyoandikwa 600W kwa herufi za dhahabu. "Nimejipanga, fundi," akaniambia. Kadi ilikuwa nzuri. Kile cha kwenye mfuko ndicho kilichotukalisha saa nzima.

Mtu wa namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza, abaki na pawasaplai aliyonayo na atafute kadi inayoendana nayo. Ya pili, achague kadi anayoitaka kisha anunue pawasaplai ya maana. Ya tatu, ambayo ndiyo inayotembelewa na wengi mjini, ni kadi kubwa na pawasaplai ya bei ya chini yenye namba kubwa. Nitazilinganisha zote, ingawa sitajifanya sina upande.

Hesabu ya mashine yenyewe

OptiPlex 9020 ya kusimama hutoka kiwandani na pawasaplai ya wati 290. Prosesa ya kijana ni i5-4590, ambayo Intel inaipa wati 84. Mazabodi (ubao mkuu), RAM, SSD na feni vyote pamoja mimi huvipigia wati 50, na hapo nimekuwa mkarimu. Jumla 134. Toa kwenye 290, zinabaki 156.

Sasa ukisikia RX 6600 inakula wati 132, unaona imeingia na chenji imebaki. Haijaingia. Kwanza, pawasaplai hiyo haina waya wa kulisha kadi. Ina plagi za mazabodi, za prosesa na za diski, basi. Pili, kadi haili umeme kwa utulivu kama pasi. Ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde inaweza kuruka juu ya wati zake za kawaida, halafu ikarudi. Wastani unaonekana 132, lakini pawasaplai imeshapigwa na mawimbi marefu zaidi ya hapo. Ndiyo sababu kiwango kipya cha pawasaplai, ATX 3.0 cha mwaka 2022, kiliongeza masharti ya kuhimili miruko hiyo. Pawasaplai ya ofisi iliyoundwa karibu miaka kumi kabla haikuwahi kuisikia habari hiyo.

Umeme wa kadi hutoka sehemu mbili. Sloti ya mazabodi yenyewe inatoa hadi wati 75. Kadi ikitaka zaidi, inaongezewa kwa waya kutoka kwenye pawasaplai: plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kwa hiyo wati 75 ni kama mpaka wa Malaba: upande huu huhitaji kitu, ukivuka unaanza kuulizwa karatasi.

Kadi ninazoziona mara nyingi madukani hapa zinajipanga hivi:

| Kadi | Wati | Plagi ya ziada | Pawasaplai anayopendekeza mtengenezaji |
|---|---|---|---|
| RX 6400 | 53 | hakuna | 350 |
| RTX 3050 ya GB 6 | 70 | kwa kawaida hakuna | 300 |
| GTX 1650 | 75 | hakuna, ila baadhi zina pini 6 | 300 |
| RTX 4060 | 115 | mara nyingi pini 8 moja | 550 |
| GTX 1660 Super | 125 | pini 8 moja | 450 |
| RX 6600 | 132 | pini 8 moja | 450 |
| RTX 3060 | 170 | mara nyingi pini 8 moja | 550 |
| RX 580 | 185 | pini 8, wakati mwingine na pini 6 juu yake | 500 |
| RTX 3070 | 220 | mara nyingi pini 8 mbili | 650 |

Angalia RTX 4060 na GTX 1660 Super. Ya kwanza inakula kidogo kuliko ya pili, lakini imependekezewa pawasaplai kubwa zaidi. Safu ya mwisho si kipimo cha njaa ya kadi. Ni mtengenezaji anayejikinga: anadhani umeiweka pamoja na prosesa kubwa, na pengine pawasaplai yako si ya kuaminika. Anayejua ana nini ndani ya kasha anaweza kushuka kidogo chini ya namba hiyo bila dhambi. Asiyejua aifuate.

Kubaki na pawasaplai iliyopo

Hii ndiyo njia ninayowapa wengi, na wengi hukunja uso, kwa sababu kadi za wati 75 hazina jina la kujivunia. Lakini hebu tazama. Kwenye mashine ile ile ya wati 290, RTX 3050 ya GB 6 inafikisha jumla ya 204. Nafasi inabaki, pawasaplai haichemki, na kazi yangu yote ni kufungua kasha, kuchomeka, kufunga, kuweka draiva. Nusu saa, na chai ikiwemo.

Kati ya hizo tatu za juu kwenye jedwali si zote sawa. RX 6400 ndiyo inayokula kidogo kabisa, lakini ina kasoro mbili zinazomgusa mtu wa hapa. Inatumia njia nne tu za sloti, kwa hiyo kwenye mazabodi za zamani kama hizi za 9020 inapoteza sehemu ya kasi yake. Halafu haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili la kutoa. Mhariri wa harusi anayetoa faili la saa tatu kila Jumatatu ataachiwa mzigo huo kwa prosesa, na atajuta. GTX 1650 inayo sehemu hiyo, na 3050 inayo pia, tena iliyo bora. Ukinunua 1650 igeuze kwanza uangalie ukingo wake: ukiona tundu la pini 6, hiyo si ile unayoitafuta.

Wenye kasha jembamba, lile la kulala chini ya skrini, hawana haja ya kusoma zaidi ya hapa. Kadi fupi ya wati 75 yenye bati la kimo kifupi ndiyo njia yao pekee. Pawasaplai zao ni ndogo kwa umbo, na kadi kubwa haiingii hata kwa nyundo.

Namba ya dhahabu na namba ya kweli

Tukarudi kwenye mfuko wa nailoni. Nilimwomba kijana aigeuze pawasaplai yake tusome lebo ya ubavuni, si ile stika ya mbele. Lebo ilikuwa na safu kadhaa za voltaji. Nikamwonyesha kidole kwenye +12V. Imeandikwa 18A. Nikampa kalamu.

"Kumi na mbili mara kumi na nane?"

Akapiga. "Mia mbili na kumi na sita."

"Hizo ndizo wati zako."

Prosesa na kadi ya grafiki hula kwenye laini ya volti 12, karibu zote. Namba 600 ilipatikana kwa kujumlisha laini zote, pamoja na ampea za volti 5 na 3.3 ambazo kompyuta za leo hazina kazi nazo nyingi. Tena hapo tunaamini lebo haisemi uongo. Pawasaplai ya wati 550 iliyotengenezwa kwa uaminifu utaikuta na ampea 45 hivi kwenye volti 12, yaani wati 540. Ile ya ofisini ya 290, iliyozeeka na kujaa vumbi, ilikuwa na nguvu kuliko mpya ya kijana. Alicheka, kile kicheko cha mtu anayehesabu hela zake.

Lebo si ushahidi pekee. Ishike mkononi. Nzito ni dalili njema, kwa sababu uzito ni shaba na alumini ya kupoza joto. Bati likibonyea kwa kidole gumba, irudishe. Kisha soma maandishi madogo juu ya waya wenyewe: 18AWG ni unene unaofaa kulisha kadi; 20 na 22 ni nyembamba zaidi, maana hapa namba ikipanda waya unakonda. Kuifungua usiifungue. Kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa ukutani, na umeme ule hauulizi wewe ni fundi au mteja.

Kuna kitu kingine kidogo nyuma ya pawasaplai hizi za bei ya chini: swichi nyekundu ya 115 na 230. Sitaisahau. Nilipoanza kazi, mzee mmoja aliletewa kompyuta na ndugu yake kutoka Marekani. Nikaichomeka bila kutazama nyuma. Swichi ilikuwa kwenye 115, na ukuta wetu unatoa 240. Mlio kama fataki, moshi mweupe, halafu harufu ya samaki aliyeungua iliyokaa dukani siku mbili. Nililipa mimi. Siku hizi pawasaplai nzuri haina swichi hiyo, imeandikwa 100-240V, na kwa Uganda faida yake si hiyo tu. Jioni umeme unaposhuka huko Kyengera na taa zikaanza kufifia, ile ya 100-240 inaendelea kufanya kazi kama kwamba hakuna kitu. Yenye swichi imekaa kwenye 230 na inaweza kuzima katikati ya kazi, halafu unailaumu kadi.

Pawasaplai mpya ya maana, au mtumba wenye jina?

Kwa mtu mwenye sababu ya kweli ya kadi kubwa, nunua pawasaplai ya kutosha. Kijana wetu alikuwa na sababu: anatengeneza picha za majengo kwa programu ya Blender, na RTX 3060 yake ina kumbukumbu ya GB 12. Mradi wake wa nyumba yenye bustani na miti ulikuwa unaigomea kadi ya GB 6. Angekuwa mtu wa gemu tu ningembishia, kwa sababu i5-4590 yenyewe ingekuwa breki kwenye gemu nyingi mpya.

Hesabu yake: 134 jumlisha 170 ni 304. Juu yake weka nafasi ya miruko na ya uzee, tuifikishe 450 hadi 550. Mimi huchukua 550, kwa sababu pawasaplai inayofanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake haipigi kelele na ndipo inapopoteza umeme kidogo zaidi.

Sasa mpya au mtumba? Watu hustaajabu ninaposema mtumba wa kampuni inayojulikana, uliotumika miaka minne, ninauamini kuliko mpya wa jina ambalo hata muuzaji analisoma kwa kigugumizi. Nyingi za zile nzuri hupewa dhamana ya miaka mitano, saba, hata kumi kiwandani, na dhamana ndefu haitolewi kwa kubahatisha. Lakini mtumba una masharti yake. Iwe imekuja na waya zake mwenyewe. Zile pawasaplai ambazo waya huchomolewa upande wa ndani pia hazina mpangilio mmoja: waya wa kampuni moja unaingia vizuri kabisa kwenye pawasaplai ya nyingine, halafu unapeleka volti 12 mahali pa ardhi. Nimeona SSD mbili zikifa hivyo kwa sekunde moja. Ukikuta pawasaplai nzuri inauzwa bila waya, iache.

Tofautisha pia plagi mbili za pini 8. Ya kadi hugawanyika 6 na 2. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Zinafanana kama pacha, na umeme wake umegeuzwa. Ikigoma kuingia usiisukume.

Na tafadhali, ile adapta ya kutoka plagi za diski aina ya SATA kwenda pini 8 ya kadi, iliyo rahisi kuliko rolex mbili (zile chapati za mayai), iache kule kule kwenye kaunta. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Hiyo ni wati 54. Upande wa pili kadi inadhani imepewa 150. Ninayo moja kwenye droo ya kuwaonyesha wateja: plastiki nyeusi imeyeyuka ikashikana na pini, na waya wa njano umekuwa kahawia sentimita nne nzima.

Kwenye OptiPlex 9020 kuna kikwazo kingine: plagi kubwa ya mazabodi ni ya pini 8, si zile 24 za kawaida. Inapatikana adapta maalumu ya 24 kwenda 8, lakini hakikisha imeandikiwa mashine yako hasa, si "ya Dell" tu. OptiPlex 7010 ya kusimama, ndugu yake mkubwa, ina pini 24 za kawaida na haikusumbui. Kwa hiyo kama bado hujanunua kompyuta na unajua siku moja utataka kadi kubwa, mwambie muuzaji afungue kasha uhesabu pini kabla ya kuhesabu noti.

Kuhusu nishani za 80 Plus, hazisemi pawasaplai ni imara. Zinasema inapoteza umeme kiasi gani. Chukua mashine inayohitaji wati 250 ndani. Kwa ufanisi wa asilimia 80 itavuta 312 ukutani. Kwa asilimia 90 itavuta 278. Ukifanya kazi saa sita kila siku, tofauti ni kama yuniti 6 za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi. Si kitu cha kubadilisha maisha. Ya Bronze inatosha, ya Gold chukua ikija kwa bei ya karibu.

Kilichosahaulika chini ya meza

Tukafunga kila kitu: pawasaplai ya mtumba ya wati 550 yenye waya zake zote, adapta ya pini 8, kadi ya feni mbili iliyoingia kwa sentimita moja ya bahati kando ya sanduku la diski. Mfuko wa nailoni aliurudisha alikoutoa, baada ya mabishano ambayo sikuwepo. Siku iliyofuata simu ikalia.

"Fundi, kila nikianza kutoa picha UPS inalia, halafu kila kitu kinazima."

Nikamuuliza UPS yake, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni ya ngapi. 650, akasema. Nikamwambia asome vizuri: ni 650 VA, na chini yake kuna wati 360. Watu husoma namba ya kwanza tu, kosa lile lile la herufi za dhahabu. Mashine yake ikifanya kazi kwa nguvu zote inahitaji 304 ndani. Kwa ufanisi wa asilimia 85 hiyo ni kama 358 ukutani. Ongeza skrini ya wati 25. Imepita.

UPS kubwa hakuwa na hela yake tena. Nikamwelekeza kwa simu afungue programu ya kadi, ashushe kikomo cha umeme kutoka asilimia 100 hadi 76, yaani wati 130 hivi badala ya 170. Jumla ikashuka hadi karibu 335 ukutani pamoja na skrini. Alinitumia picha ya muda wa kazi: picha ya bustani iliyokuwa inatoka kwa dakika 11 sasa inatoka kwa dakika 12, na UPS imenyamaza.